Wastani wa Baba

Saa moja asubuhi, kahawa haijachemka,
navuka nyasi zilizogeuka mabua
hadi kisanduku cheupe nyuma ya banda la kuku.
Mlango unalalama; bawaba zake na mimi tu rika moja.
Ishirini na tatu nukta nne.
Usiku haukupoa. Ulikaa tu ukingoni mwa kitanda
kama mgeni asiyejua kuaga.

Julai tisa. Kilele cha mchana: thelathini na saba nukta moja.
Mvua: sifuri.
Upepo: bendera ya posta haijajigusa tangu Jumapili.
Safu ya mwisho, ya penseli nyekundu, ni ya kutoa:
leo, ukiondoa wastani.
Kumi nukta moja.
Nakokotoa tena. Kumi nukta moja.

Bódog ananiita ng'ambo ya uzio,
alizeti zake nyuma yake zimeinama kama watu msibani:
"Haya, Gizella, leo tuna joto au tuna kawaida?"
Huuliza hivyo kila siku.
Kila siku mimi hujibu kwa desimali.

Daftari hili Baba alilipokea
kwa mkuu wa stesheni, treni zilipoacha kusimama hapa.
Hakulipwa. Mwaka wa ishirini wakampa saa ya mkononi
iliyochelewa dakika nne kwa siku;
naye akaichorea safu yake pembeni:
saa, ukiondoa saa.
Alipima asubuhi ya harusi yake, akiwa na suti.
Alipima asubuhi niliyozaliwa mimi:
kumi na tano nukta mbili, ukungu kidogo, umande mwingi.
Mengine ya siku ile nilisimuliwa na shangazi Etelka.

Jumatano ikaja bahasha kutoka mji mkuu.
Wastani mpya, wameandika, tafadhali tumia huu.
Miaka thelathini ya zamani imestaafishwa,
thelathini mingine imeketi mahali pake.
Kwa mstari mmoja wa kalamu, Julai yetu imepanda
nyuzi moja nukta sita,
na ile kumi nukta moja, bila tone la mvua,
bila hata kivuli cha wingu,
imeshuka ikawa nane na nusu.

Kawaida ni kama sheria, husema watu.
Sikujua sheria hii nayo huletwa na tarishi kwa baiskeli.

Siwalaumu. Hesabu yao ni safi,
nimeikagua mara mbili.
Lakini ukungu wa asubuhi yangu haumo tena.
Suti ya Baba haimo.
Haumo mwaka ule aprikoti zilipochelewa hadi Agosti
na Mama akazichemsha akiwa amevaa sweta, akicheka.
Miaka hiyo haikufutwa, ipo rafuni,
ila hakuna anayeiuliza tena kitu.

Kisima kimeshuka pingili mbili za mnyororo.
Korongo waliondoka kabla ya sikukuu,
nikaandika tarehe, ingawa hakuna safu ya korongo.

Agosti ishirini na mbili. Kilele: ishirini na saba nukta tisa.
Natoa wastani mpya. Hasi nukta tatu.
Hasi! Ya kwanza kiangazi chote.
Bódog amevaa koti: "Leo baridi, Gizella,
andika, leo tumepoa."
Nimeandika.
Kisha nikachukua rula ya Baba, iliyotafunwa na mbwa tusiyenaye tena,
nikachora safu nyingine pembeni, nyembamba,
ambayo ofisi haiitaki wala haikuiomba:
leo, ukiondoa Baba.
Moja nukta tatu, juu.

Usiku kitu kiligonga bati la banda.
Nikatoka bila viatu.
Nilihesabu matone saba ndani ya kipimamvua,
machache mno hata kulowesha mstari wa kwanza.
Kitabu cha maelekezo kinasema: andika "dalili tu".
Nikaandika dalili tu.
Nikabaki pale, tochi mkononi,
nikilisubiri la nane.